Namba Isiyopimwa

Washa redio ndogo ya mawimbi mafupi ambayo mwanaridhaa amejiundia nyumbani, iweke kwenye ukanda wa mita 20, na skrini yake itakuandikia bila kusita: 14.200.0. Atakayeisoma atadhani kwamba ndani ya boksi lile kuna kitu kinachotetema mara milioni 14 na laki mbili kwa sekunde, na kwamba skrini imekihesabu na kutuletea taarifa. Hakuna kitu kama hicho. Ondoa kifuniko, gusisha kipimo kwenye kila osileta, yaani kila saketi inayozalisha wimbi, utakuta moja inakwenda megahezi 59.2, ya pili 56.995 na ya tatu 11.995. Hiyo 14.2 huioni popote. Namba iliyo kwenye skrini haikupimwa. Imekokotolewa kwanza, ikaandikwa, kisha redio nzima ikapangwa ili namba hiyo iwe kweli.

Redio za zamani, zile zenye kioo kilichoandikwa majina ya miji na mshale mwekundu unaotambaa juu yake, hazikuwa hivyo. Mshale ulifungwa kwa uzi kwenye mhimili wa kondensa. Ukizungusha, uzi ulivuta mshale na bamba za kondensa kwa pamoja. Mshale uliweza kukosea, tena sana, ila haukuweza kuachana na redio yake. Leo namba na wimbi ni vitu viwili ambavyo havijawahi kugusana. Kinachoviunganisha ni programu iliyoandikwa na mtu, na mtu huyo akizembea mahali pamoja tu, skrini itaendelea kung'aa na kusema uongo kwa tarakimu nzurinzuri. Kuna watu waliojitolea kuhakikisha hilo halitokei, na kazi yao haionekani kabisa kwa anayezungusha kitufe.

Mfano ninaoupenda umetoka Hyderabad, India. Ashhar Farhan, ambaye alama yake ya mwito ni VU2ESE, mwanzoni mwa miaka ya 2000 alibuni redio aliyoiita BITX, ili ijengwe na mtu asiye na uwezo wa kuagiza vipuri ng'ambo: transista za kawaida, na koili zilizosukwa juu ya washa za bomba la maji. Mwishoni mwa mwaka 2017 ikafuata µBITX, redio ya kupokea na kurusha inayofika kanda zote za wanaridhaa kuanzia mita 80 hadi mita 10, kwa sauti na kwa Morse, kwa nguvu ya takriban wati 10. Kampuni yake, HF Signals, iliuza bodi ikiwa imekwisha unganishwa, na koili zake zilisukwa kwa mkono na kikundi cha wanawake wa huko. Mnunuzi aliachiwa nyaya, boksi na matundu. Wapo wanaobeza kwamba huko si kuunda redio. Waacheni wabeze, hawajajaribu kutoboa tundu la mstatili kwenye bati kwa tupa, likaja sawa na skrini.

Ubongo wa redio hii ni bodi ndogo iitwayo Raduino. Juu yake mna Arduino Nano, chipu ya Si5351 inayozalisha mawimbi yote, na skrini ya mistari miwili, kila mstari herufi 16. Mchoro wa redio na msimbo wa programu vilitolewa hadharani, kila mwenye hamu asome na abadilishe. Msimbo wenyewe si mrefu, na mtu anayejua kidogo lugha ya C ataufuata mwanzo hadi mwisho. Ndiyo sababu naweza kuusifu kwa kuugusa mstari kwa mstari.

Tuanze na hesabu, maana utamu uko huko. Wimbi la 14.2 linaloingia kutoka kwenye antena linachanganywa na la osileta ya kwanza, 59.2. Tofauti yake ni 45 kamili, nayo inapita kwenye kichujio cha kwanza. Hiyo 45 inakutana na osileta ya pili, 56.995, na tofauti inakuwa 11.995, mlangoni mwa kichujio cha fuwele cha megahezi 12. Kichujio hiki ni chembamba, kilohezi mbili na ushei, kiasi cha kupitisha sauti ya mtu mmoja anayezungumza na kumfungia nje jirani yake. Mwishoni osileta ya tatu, 11.995, inaligeuza lililopita kuwa sauti ya kusikika. Ukiandika yote kwa mstari mmoja: 59.2 kutoa 56.995 kujumlisha 11.995. Fanya hesabu, utapata 14.2.

Sasa tuseme unataka ukanda wa chini wa sauti, ambao kwa desturi wanaridhaa huutumia chini ya megahezi 10. Redio nyingi za kizazi kilichopita zilidai fuwele ya pili kwa ajili hiyo, pamoja na swichi yake na nafasi kwenye bodi. Hapa programu haigusi kichujio wala osileta ya tatu. Inaishusha osileta ya pili kutoka 56.995 hadi 32.995, na kuipanga upya ya kwanza. Kwa megahezi 7.1, osileta ya kwanza inakwenda 52.09. Toa 32.995, toa tena 11.995: 7.1. Alama moja ya kujumlisha imegeuka ya kutoa, basi, na sauti iliyokuwa juu imekwenda chini. Kila mara nikifika kwenye mistari hiyo miwili ya msimbo nasimama. Kazi iliyokuwa ya vifaa imekuwa ya hesabu ya darasa la nne.

Kuna na adabu ndogo iliyofichwa karibu na hapo. Ukizungusha kitufe ukavuka megahezi 10 kwenda juu, programu inahamia ukanda wa juu yenyewe. Ukirudi chini, inarudi. Haikuulizi. Imechukulia kwamba wewe ni mwanaridhaa na unafuata desturi za wenzako. Asiyetaka anabadilisha kwa kitufe, lakini wengi hawatajua hata kwamba kuna kitu kilichobadilishwa kwa niaba yao.

Mawimbi hayo matatu yanatoka kwenye chipu moja. Si5351 inachukua fuwele ya megahezi 25, inaizidisha mara 35 kupata 875, halafu inaigawa 875 hiyo mara tatu, kila mgawanyo kwa osileta yake. Kwa 59.2 inabidi kugawa kwa 14 na sehemu. Mara 14 ya 59.2 ni 828.8, imebaki 46.2. Sehemu hiyo, ikiandikwa kwa hezi, ni 46,200,000 juu ya 59,200,000. Tatizo ni kwamba chumba cha kuandikia asili ya sehemu ndani ya chipu kina biti 20 tu, hakiwezi kuzidi 1,048,575. Zilikuwepo maktaba za programu zilizolishughulikia jambo hili kwa ukamilifu mkubwa, zikala nafasi kubwa ya Nano. Mwanaridhaa mmoja akaandika badala yake vijistari vichache vinavyofanya hivi: gawa juu na chini kwa mbili, tazama kama chini kumetosha, kama bado gawa tena. Kwa mfano wetu inatosha baada ya mara sita, na sehemu inakuwa 721,875 juu ya 925,000. Kugawa namba kwa mbili, kwa chipu, ni kuzisogeza biti hatua moja kulia, kazi isiyogharimu chochote. Kinachopotea katika kusogeza huko, pale ambapo hesabu haigawanyiki vizuri, ni hezi chache ambazo hakuna sikio litakalozidai.

Kitu kingine kimekaa ndani ya mpango huu kimyakimya. Fuwele ya megahezi 25 haiko sawasawa. Hakuna iliyo sawasawa. Tuseme imepunjika sehemu 10 kwa milioni. Osileta ya kwanza ikiwa 59.2, kosa lake ni hezi 592. Mtu angeogopa kwamba skrini itakosea kwa kiasi hicho. Lakini osileta ya pili imekosea pia, kwa kiasi kilekile cha uwiano na upande uleule, na hiyo inatolewa. Ni kama watu watatu waliorekebisha saa zao kwa saa moja ya msikitini: ikichelewa, wote wamechelewa pamoja, na miadi yao wenyewe haiharibiki. Ukikokotoa hadi mwisho, kosa linalobaki ni sehemu 10 kwa milioni za 14.2 tu, yaani hezi 142. Vichujio vyote vya katikati, 45 na 12, vimejitoa kwenye hesabu. Ndiyo maana redio nzima inasahihishwa kwa namba moja. Unatafuta wimbi linalojulikana, kwa mfano la kituo cha WWV cha Colorado, Marekani, ambalo liko megahezi 10 na 15 kwa usahihi wa saa za atomiki, unaingia kwenye menyu, unazungusha kitufe mpaka mlio ushuke, ushuke, ukome. Namba moja inaandikwa kwenye kumbukumbu ya kudumu, na kanda zote kuanzia mita 80 hadi 10 zimenyooka kwa mkupuo.

Morse ina utaratibu wake, na hapo kuna jambo la kuchekesha kidogo. Ukibonyeza ufunguo, programu inazima osileta ya pili na ya tatu, halafu inaileta ya kwanza moja kwa moja kwenye masafa ya kurushia. Hakuna vichujio vya katikati, hakuna kujumlisha na kutoa. Kwa muda wa nukta na mistari, ndani ya boksi mna kitu kinachotetema karibu na namba iliyo kwenye skrini. Nasema karibu, kwa sababu programu inaongeza au kupunguza hezi mia kadhaa, ili yule wa upande wa pili akusikie kwa mlio uleule ambao wewe unamsikia nao. Hata inapopewa nafasi ya kusema ukweli mtupu, redio hii inafanya hesabu kwanza.

Kitufe cha kuzungusha ndicho mahali ambapo mtumiaji anakutana na programu kwa vidole, na hapo ndipo programu mbovu inapojulikana kabla hata ya kusikia kituo. Enkoda ya bei nafuu iliyo nyuma yake haina chochote ndani isipokuwa swichi mbili zinazofunguka na kufungika kwa kupishana. Ikitangulia ya kwanza, umezungusha kulia. Ikitangulia ya pili, kushoto. Lakini swichi za chuma hazifungi mara moja. Zinadundadunda kwa sehemu ya sekunde, na kila mdundo, kwa chipu inayofanya kazi mara milioni 16 kwa sekunde, ni tukio kamili. Programu ya µBITX inapoona badiliko, inangoja milisekunde moja na kutazama tena. Ikiwa hali ni ileile, inakubali. La sivyo inapuuza.

Halafu inafungua dirisha la milisekunde 50 na kuhesabu ni hatua ngapi zimepita humo. Idadi hiyo ndiyo mwendo wa mkono wako. Hatua moja au mbili: masafa yanasogea hezi 50, mwendo wa mtu anayetafuta sauti iliyokaa vizuri. Tatu au nne: hezi 500. Zaidi kidogo: kilohezi nzima. Ukipeleka mkono kwa haraka zaidi ya hapo inaruka kilohezi kumi, na ukikazana inaruka kwa mamia. Hakuna swichi ya kasi, hakuna menyu. Programu imesoma nia yako kwenye kidole. Mimi nauona mruko wa juu ni mkali mno, mtu anajikuta amepita ukanda mzima kwa papara. Lakini namba hizo ziko kwenye mistari mitano ya msimbo, na kila aliyekerwa amezibadilisha kwa ladha yake. Ukikaa kwenye redio mbili za aina moja zenye wamiliki tofauti, utazitofautisha ukiwa umefumba macho.

Skrini ya herufi 16 inamfundisha mtu ubahili. Hesabu: ukanda wa sauti, USB kwa wa juu au LSB kwa wa chini, herufi tatu. Nafasi tupu, moja. A au B, kuonyesha ni masafa yapi kati ya mawili yaliyohifadhiwa, na nukta pacha yake: mbili. Kisha 14.200.0, nane. Jumla ni 14. Zimebaki mbili, na bado hujasema kama redio inarusha au inasikiliza. Aliyeandika mpango huu aliamua kuishia kwenye mamia ya hezi, ingawa redio inasogea kwa hatua za 50. Wapo waliolalamikia nusu hatua iliyofichwa na kuongeza tarakimu. Nadhani yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kwa redio ambayo fuwele yake inahama kidogo boksi likipata joto, tarakimu ya mwisho ni kiapo, na haifai kuapa kwa usichoweza kukitetea.

Ubahili huo unaendelea mahali ambapo hakuna macho. Kabla ya kuandika mstari kwenye skrini, programu inaulinganisha na mstari ulioandikwa mara ya mwisho. Kama ni uleule, haiandiki. Msomaji anaweza kudhani ni kuokoa muda. Ni zaidi ya hapo: nyaya za skrini zinapita sentimita chache kutoka kwenye kipokezi kinachojaribu kusikia sehemu za milioni za volti, na kila herufi inayosafiri juu yake ni mshtuko wa umeme unaoweza kuingia masikioni kama mkwaruzo. Skrini isiyoandika ni skrini iliyonyamaza. Mara nyingi nimesoma sifa za redio kubwa zilizoorodhesha mambo yanayoonyeshwa kwenye skrini. Sijaona iliyojisifu kwa mambo ambayo skrini yake haifanyi.

Kipimo cha nguvu ya ishara hakikuwemo katika programu ya awali, na watu walikitamani. Skrini za aina hii zinaruhusu kuchora herufi nane za kwako, kila moja yenye nukta tano kwa upana na nane kwa kimo. Wajanja walichora tano tu: safu moja iliyojazwa, mbili, tatu, nne, tano. Kwa vipande hivyo unaweza kujenga mstari unaokua nukta kwa nukta badala ya herufi kwa herufi, hata hatua 80 kwenye mstari mzima. Kuuchora si kazi. Kazi ni kuufanya useme kweli, kwani kipimo kina sheria zake: kila ngazi ya S ni desibeli 6, na S9 chini ya megahezi 30 ni sehemu 50 za milioni za volti kwenye antena. Hapo watu wa pwani na bara la Afrika Mashariki wana jirani wa manufaa. Kenya imo katika mtandao wa vituo 18 vya ishara vinavyopokezana kwenye 14.100 na kanda nyingine nne za juu yake, kwa alama ya 5Z4B. Kila kituo hutuma jina lake kwa wati 100, halafu mistari minne ya sekunde moja moja: wati 100, 10, 1, na sehemu ya kumi ya wati. Kila mstari uko desibeli 10 chini ya uliotangulia. Kama mstari wako wa nukta unashuka hatua zisizo sawa, au unaganda kwenye ule wa tatu wakati masikio bado yanasikia tofauti, tatizo liko kwenye programu yako, na kituo hicho kitakurudia baada ya dakika tatu ujaribu tena.

Nano ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 za kufanyia kazi. Baiti 2,048, basi. Ujumbe mrefu wa simu unaweza kumaliza robo yake. Humo zinakaa masafa mawili, hali ya enkoda, na mistari ya skrini na kumbukumbu zake. Maandishi ya menyu yanasukumwa kwenye kumbukumbu ya programu yasomwe kutoka huko, ili yasile nafasi ya kazi. Kisha kuna kumbukumbu ya kudumu, kilobaiti moja, ambayo kila chumba chake kimedhaminiwa kuandikwa mara laki moja. Laki moja inaonekana nyingi mpaka ufikirie mtu anayezungusha kitufe huku programu ikihifadhi kila hatua. Jioni chache za kutafuta vituo zingekichosha chumba hicho. Wanaojua wanaiacha programu ingoje mkono utulie kwanza.

Katika nafasi hiyo hiyo finyu, wanaridhaa wengine walijaza vitu ambavyo Farhan hakuviweka. Toleo moja lililoenea sana lilileta kituma-Morse chenye kumbukumbu, uwezo wa kurusha WSPR, ishara dhaifu za kupima mawimbi yanafika wapi, bila kompyuta, na lugha ya kuzungumza na skrini za rangi za Nextion, ambazo zina ubongo wao wenyewe na zinahitaji tu kuambiwa nini cha kuonyesha. Baadaye µBITX yenyewe, toleo la sita, ikaja na skrini ya rangi ya inchi 2.8, pikseli 320 kwa 240. Kila pikseli inadai baiti mbili. Picha moja kamili ni baiti 153,600, mara 75 ya kumbukumbu yote ya kazi ya Nano, na Nano ndiyo iliyobaki ikiiendesha. Hakuna mahali pa kuweka nakala ya picha. Kila herufi inachorwa kwa vijisehemu na kusukumwa skrini papo hapo, kisha inasahauliwa. Kwa hiyo ile tabia ya kulinganisha mistari ikashuka ngazi moja: sasa inalinganishwa tarakimu kwa tarakimu. Ukisogea kutoka 14.200 hadi 14.201, tarakimu moja tu inafutwa na kuchorwa. Nyingine zinabaki palepale, hazijaguswa tangu ulipowasha. Leo kuna waliong'oa Nano na kuweka bodi ya Teensy yenye kumbukumbu za kumwaga, na skrini zao zina michirizi ya rangi inayotiririka kama inavyotakiwa siku hizi. Ni nzuri. Sizioni zikinifundisha kitu.

Redio hii pia inaongopa kwa makusudi, mahali pamoja. Ukiichomeka kwenye kompyuta, inajitambulisha kama FT-817 ya Yaesu. Hakukuwa na haja ya kubuni lugha mpya na kuwabembeleza waandishi wa programu za kompyuta waijifunze. Lugha ya FT-817 ilishajulikana kila mahali, na ni fupi: kila amri ni baiti tano, nne za maelezo na ya tano ikiwa amri yenyewe. Masafa yanaandikwa kwa makumi ya hezi, tarakimu mbili kwa kila baiti. Megahezi 14.074, ambako mawasiliano ya kidijitali ya FT8 yanajazana mchana kutwa kwenye mita 20, inakuwa 01 40 74 00. Mtu anaweza kuisoma kwa macho ikipita kwenye waya. FT8 yenyewe, iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 1993, pamoja na Steve Franke, inarusha na kupokea kwa zamu za sekunde 15, na kompyuta ndiyo inayoamua lini redio irushe. Kitufe cha kipaza sauti hakiguswi. Kwa mwanaridhaa mwenye alama ya 5H ya Tanzania au 5Z ya Kenya na leseni yake mkononi, wati chache na waya uliotundikwa kwenye mwembe vinatosha kufika Ulaya kwa njia hiyo, na programu ya kilobaiti 32 imekaa katikati ikitafsiri, huku ikiendelea kusoma kitufe na kulinda skrini isipige kelele.

Kuna namba moja ambayo programu haiwezi kujiwekea. Vichujio vya fuwele vinatengenezwa kwa fuwele za kawaida zilizochaguliwa kwa kulinganisha, na hakuna viwili vinavyokaa mahali pamoja kabisa. Osileta ya tatu lazima ikae kwenye ukingo wa kichujio cha redio yako, wewe, si cha jirani. Ikiingia ndani sana, kila anayezungumza anakuwa na sauti nzito ya mtu aliyejifunika blanketi. Ikitoka nje sana, wote wanakuwa na sauti nyembamba za bati. Menyu ina sehemu yake. Unaingia, unazungusha, na osileta inasogea kwa hatua ndogondogo.

Kilichofanywa hapo ndicho kinachonipendeza zaidi katika msimbo wote, na ni mpangilio mmoja tu wa hesabu. Osileta ya kwanza haikuandikwa kama 45 kujumlisha masafa. Kwa ukanda wa juu, imeandikwa kama osileta ya pili, kutoa ya tatu, kujumlisha masafa. Ukiisogeza ya tatu hezi 300 kwenda juu, ya kwanza inashuka hezi 300 yenyewe. Jumla haibadiliki. Unaweza kuzungusha upendavyo, sauti ya anayezungumza ikawa nzito, ikawa nyembamba, ikapita katikati, na muda wote huo yeye yuko palepale alipokuwa, na skrini haikukosea hata mara moja. Kinachotafutwa ni sauti tu. Unamchagua mtu unayemfahamu, umwombe azungumze kwa muda, asome gazeti kama hana la kusema, nawe unazungusha mpaka awe yeye. Ukibonyeza kitufe, namba inaandikwa kwenye kumbukumbu ya kudumu, na menyu inafungwa.